Kioo ni cha Nani?

Katika miaka niliyosimamia zamu ya jioni kwenye jimu moja ya Kinondoni, Dar es Salaam, ugomvi mwingi nilioamua haukuwa wa vyuma. Vyuma vina utaratibu wake na watu wanaujua: maliza seti yako, mwachie mwenzio, rudisha ulipotoa. Ugomvi ulikuwa wa kioo. Mmoja anapandisha dambeli na anataka kuona mabega yake yanakwenda sawa. Mwingine kasimama mbele yake, fulana kaitundika kwenye mashine, katanua mbawa, anahesabu kimoyomoyo, na hana habari kabisa kwamba nyuma yake kuna mtu mwenye kilo 20 kila mkono anayetazama mgongo badala ya kioo.

Hapo ndipo maneno huanza. "Kaka, samahani." Kimya. "Kaka, sogea basi." "Subiri, namalizia." "Unamalizia nini na hujashika hata kitu?"

Neno hilo la mwisho nililisikia mara nyingi mno, na kila nilipolisikia nilijua itanibidi niinuke kitini. Kwa mpiga pozi hilo ni tusi. Kwa mbeba chuma ni ukweli mtupu.

Mimi sikuanzia kwenye jimu za vioo. Nilianzia uani, Temeke, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini. Vyuma vyetu vilikuwa vya zege: makopo ya rangi na ya maziwa ya unga yaliyojazwa saruji na kokoto, yakaunganishwa kwa bomba la maji. Makopo hayakulingana uzito, kwa hiyo ukimaliza seti unageuza bomba upande wa pili, usije ukaota bega moja kubwa kuliko jingine. Kioo kilikuwa kimoja tu, mlango wa kabati la nguo uliopasuka kona ya chini, umeegemezwa kwenye shina la mwembe. Pozi tulijifunza kwenye vibanda vya video. Tulimtazama Arnold Schwarzenegger katika Commando ya 1985 na Bolo Yeung katika Bloodsport ya 1988, yule jamaa wa kuchezesha kifua kabla hajampiga mtu. Kila mtaa ulikuwa na Bolo wake, na watoto walipanda ukutani jioni kumtazama wa kwetu.

Mzee alikuwa na kanuni moja tu, na hakuwahi kuieleza sababu: mwenye chuma mkononi ndiye mwenye kioo. Mwenye mikono mitupu angoje. Hata kama ndiye Bolo mwenyewe.

Uani kanuni hiyo ilitosha, kwa sababu tulikuwa wachache na tulijuana kwa majina ya mama zetu. Kwenye jimu ya kulipia mambo ni mengine. Kuna mstaafu aliyeambiwa na daktari apunguze sukari, kuna binti wa benki anayekuja na nguo za mazoezi kwenye mkoba, kuna baunsa wa ukumbi wa starehe anayewahi zamu ya usiku, kuna wanafunzi wa chuo waliolipa kwa siku, na kuna vijana watatu au wanne wanaojiandaa kupanda jukwaani. Wote wametoa ada ileile. Kila mmoja anaamini ukuta ule wa kioo umo ndani ya ada yake, na kwa hesabu hawajakosea.

Watu wasiojua mchezo huu hudhani kula pozi ni kujipenda. Sikatai, wanaojipenda wapo. Yupo anayefanya seti mbili za mkono kisha akakaa nusu saa kiooni akijigeuza, na jioni ile mwili hauna habari yoyote mpya ya kumpa. Huyo simsemei. Namsemea yule ambaye pozi kwake ni zoezi, na ukitaka kujua kama ni zoezi, msimamie mtu mmoja umwitie pozi zake zote mwanzo hadi mwisho.

Mimi niliombwa kazi hiyo na kijana fundi wa kuchomelea mageti, aliyekuwa anakaribia shindano. Kuita ni rahisi. Unataja pozi, unahesabu polepole, unataja inayofuata, na humwonei huruma. Kwenye kanuni za shirikisho la kimataifa, IFBB, pozi za lazima kwa wanaume wa misuli mikubwa ni saba: mikono miwili kwa mbele, kutanua mbawa kwa mbele, kifua kwa ubavu, mikono miwili kwa nyuma, kutanua mbawa kwa nyuma, nyuma ya mkono kwa ubavu, halafu tumbo na mapaja. Ukizisoma hivi kwenye karatasi unaona ni jambo la dakika moja.

Nilisimama hatua chache mbele yake. Pozi ya kwanza aliianzia chini. Aliukita mguu mmoja, akageuza kisigino kidogo nje, akakaza shavu la mguu, kisha paja, na paja likagawanyika vipande kana kwamba kuna mtu anachora kwa kalamu. Ndipo akapandisha mbavu, akavuta tumbo ndani, na mikono ikaja mwisho kabisa. Mtazamaji wa kawaida huona mikono. Mwamuzi anaona miguu pia, na ukimpa miguu iliyolala huku mikono imekaza, ameshakuandika. Nilipofika kumi alikuwa akitabasamu, lakini ngozi ya shingo ilikuwa inatetemeka. Kufikia pozi ya nne sakafu chini yake ililowa. Ya saba ni ile ya mikono nyuma ya kichwa, pumzi yote ukaitoa, tumbo likakazwa na paja moja likatangulizwa. Hapo misuli ya nyuma ya paja ilimbana akaenda chini kama gunia. Nikamnyoosha goti, nikausukuma wayo wake kuelekea kwake mpaka ukaachia. Alikaa, akafuta uso kwa fulana, akasema, "Tena, mwalimu. Kuanzia ya kwanza."

Hakuwa ameshika hata kitu, kama watu wasemavyo. Lakini misuli iliyokazwa bila kusogea inachoka kuliko inayokwenda na kurudi, na anayebana pumzi katikati ya pozi presha yake inapanda kwa ghafla. Ongeza kwamba mtu huyu wiki za mwisho anakula kidogo ili mafuta yaliyo chini ya ngozi yapungue. Ana njaa, ana usingizi wa mang'amung'amu, na jukwaani atatakiwa kushikilia pozi hizo mara nyingi kadiri waamuzi watakavyo, akilinganishwa na wenzake, bila kuonyesha kwamba anaumia. Asipofanya mazoezi ya kutosha, ule mwili alioujenga kwa miaka utaonekana nusu.

Wala si jambo jipya. Eugen Sandow, Mjerumani aliyepata umaarufu Uingereza, aliandaa shindano kubwa la miili Septemba 1901 kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Sandow mwenyewe alijizoesha kusimama kama sanamu za Wagiriki wa kale. Filamu ya Pumping Iron ya 1977, inayofuatilia mashindano ya Mr. Olympia yaliyofanyika Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1975, inaanza kwa kumwonyesha Schwarzenegger na mwenzake Franco Columbu wakifundishwa na mwalimu wa dansi ya baleti namna ya kuweka mikono. Majitu yale, kwenye chumba cha dansi! Huwa nawaambia vijana waitafute sehemu hiyo. Siku hizi wanaowatolea mfano ni wengine, Big Ramy wa Misri aliyechukua taji la Mr. Olympia 2020 na 2021, na Samson Dauda, mzaliwa wa Nigeria anayeshindania Uingereza, aliyelichukua 2024. Vijana wangu walitazama picha zao kwenye simu katikati ya seti na kuzibishania kama watu wa mpira.

Basi, pozi ni kazi. Hilo nimelikubali zamani. Lakini kazi ya mtu haimpi haki ya kuifanyia popote, na fundi wa kuchomelea mwenyewe analijua hili: hawashi moto mlangoni pa jirani.

Kanuni ya yule mzee wa Temeke niliielewa jioni moja, zamu yangu ikiwa inakaribia mwisho. Mpiga pozi mmoja alirudi nyuma hatua mbili ili miguu yake yote iingie kiooni. Wote hufanya hivyo kioo kikiwa hakifiki chini. Bega lake likagusa kiwiko cha mtu aliyekuwa amepandisha dambeli juu ya kichwa. Mkono ukayumba, dambeli ikaponyoka, ikatua karibu kabisa na vidole vya mtu wa tatu aliyekuwa amekaa pembeni akinywa maji, hahusiki kwa lolote. Kilichovunjika ni kigae cha sakafu. Mwenye jimu alikuja asubuhi akalalamikia kigae. Mimi nilikuwa nafikiria vidole.

Baada ya hapo nilibandika utepe wa njano sakafuni, mbele ya safu ya dambeli, kutoka ukuta hadi ukuta. Kati ya utepe na kioo ni njia ya macho ya mwenye chuma, hakuna kusimama. Wapo walimu wanaosema anayechuchumaa na chuma mabegani asitazame kioo kabisa, ausikilize mwili wake. Sina ubishi nao. Lakini anayepandisha mabega, anayevuta mgongo, na hasa mgeni ambaye bado hajui nyonga yake iko wapi, kioo ndicho mwalimu wake ninapokuwa upande wa pili. Ukimkatia jicho katikati ya seti hawezi kukwambia subiri kidogo, maana chuma hakisubiri. Wewe wa pozi unaweza kushusha mikono muda wowote na hakuna kitakachomwangukia mtu. Tofauti yote ni hiyo.

Nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba anayejiandaa kweli hakihitaji kioo kama watu wanavyodhani. Jukwaani hakuna kioo. Kuna taa, kuna meza ya waamuzi, kuna giza. Mshindani anayejua kazi yake anatumia kioo miezi ya mwanzo kujua mguu unakaa wapi, kisha wiki za mwisho anakipa mgongo na kujifunza kuhisi. Anataka macho ya mtu, si kioo. Yule fundi tulimhamishia kwenye kikorido cha kwenda bafuni, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ndoo ya dekio, na ndiko alikokamilishia pozi zake. Waliogoma kuhama mbele ya dambeli hata walipoonyeshwa nafasi nyingine walikuwa, karibu wote, wasio na shindano lolote. Mtu wa namna hiyo hana haja ya mjadala. Mwambie asogee.

Suala la nguo ni gumu zaidi, na hapa wageni wa mchezo huu huwa hawatuelewi sisi wa pwani. Mapaja yanahesabiwa pointi. Bila kuyaona huwezi kuyarekebisha. Kwa hiyo mpiga pozi anakunja kaptula mpaka juu, na wengine wanavua kabisa wakabaki na kichupi cha mashindano. Kiufundi wana sababu. Lakini saa kumi na moja jioni jimu ile ilikuwa na watu wa kila namna, na miongoni mwao mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyevaa ushungi na raba nyeupe, akitembea kwenye mashine taratibu kwa ajili ya sukari yake. Mashine za kutembelea zilitazamana na kioo. Hakulalamika hata siku moja. Aliacha tu kuja.

Nilimpigia simu. "Shikamoo mama, tumekukosa huku."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?" Tukaulizana habari za nyumbani, akanisimulia mguu wake, akanisimulia mvua. Mwisho kabisa, kwa sauti ya kawaida tu, akasema: "Mimi nilikuja kutafuta afya. Sikuja kutazama mapaja ya watoto wa watu."

Hakusema neno baya. Hakutukana mtu, hakudai ada yake. Lakini ndani ya sentensi ile mlikuwa na hesabu ambayo mwenye jimu aliielewa haraka kuliko alivyoelewa kigae. Tulikubaliana mambo. Mchana na jioni fulana ibaki mwilini na kaptula ibaki ilivyoshonwa, kwa kila mtu, hata kwa baunsa. Chumba cha aerobiki, ambacho darasa lake lilikwisha saa mbili na nusu usiku, kikawa cha wapiga pozi mpaka saa ya kufunga. Mlango unafungwa, humo ndani vaa unavyovaa jukwaani. Kwa Ramadhani tulisogeza mpaka baada ya tarawehe, na ukweli ni kwamba hiyo ikawa saa bora kuliko zote, watu wachache, tumbo lina kitu, hakuna anayeharakishwa. Mama alirudi.

Wapo vijana walioona tumewaonea. Mmoja aliniuliza kama mwili ni aibu. Nikamwambia mwili wako si aibu, ila macho ya huyu mama ni yake na amelipia. Hakuridhika sana. Alikwenda kwenye chumba cha aerobiki akinung'unika na baada ya mwezi alikuwa ndiye mwenye kuwafukuza wengine wakipitisha muda wao.

Mafuta nayasema kwa kifupi. Usijipake kabla ya kushika benchi la watu. Rangi ya kujipaka ya jukwaani haitoki kwenye taulo wala kwenye ngozi ya mashine, na anayekuja kulala pale asubuhi na fulana nyeupe hana kosa.

Simu ndizo zilizonizeesha. Zamani mpiga pozi alikuwa na kioo na mwenzake. Sasa ana simu aliyoisimamisha kwenye chupa ya maji, na simu ina jicho pana kuliko lake. Binti mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma akinyoosha mgongo, miguu juu, hana habari. Video ikaenda mtandaoni kwa ajili ya kifua cha mtu, watu wakaacha kifua wakaanza kumjadili aliyelala nyuma. Kesho yake kaka yake alifika kwenye mlango wa jimu, na hakuja kujiandikisha. Nilimkalisha, nikamwagizia soda, nikampigia mpiga video aifute mbele yetu, akaifuta, akaomba radhi. Tulipata bahati ile video ilikuwa haijasambaa. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini mimi sikutaka mambo yafike huko. Nilitaka mtu atazame nyuma yake kabla ya kubonyeza. Jimu ina kuta nyingi, geuza simu ielekee ule usio na watu.

Na kuna upande wa pili ambao husahauliwa, kwa sababu adabu tukiizungumza tunamwangalia mpiga pozi peke yake. Wanaomrekodi yeye kwa siri na kumtupa kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi wenzao, na vikaragosi vya kucheka chini yake, hao ni nani? Mtu aliyesimama na mwili wazi, akitetemeka, akijaribu kitu ambacho bado hakijakaa vizuri, yuko mahali pabaya pa kuchekwa. Nimeona kijana mwenye mwili mzuri kabisa akiacha mashindano kwa sababu ya kicheko cha watu waliokuwa hawawezi hata kugusa vidole vya miguu yao. Wengine hawacheki, wanashauri. "Kaka, miguu vipi, umeisahau nyumbani?" Au wanakuja kumshika mkono bila kuomba, kama wanavyopapasa ndizi sokoni kujua kama imeiva. Au wanauliza kwa sauti, mbele ya watu, anatumia sindano gani. Swali hilo kama una wasiwasi wa afya yake, muulize faragha. Kama ni udaku, basi huna swali.

Kwa wanawake ni zaidi. Tulikuwa na dada mmoja aliyeanza kujifunza pozi za nyuma, na wanaume waliokuwa wakijigeuza kiooni kila siku bila kuulizwa na mtu, siku ile seti zao zote zilisimama. Benchi zikajaa watu wanaopumzika. Sikutoa hotuba. Nilizima muziki, nikasema, "Wenye benchi, naona mmemaliza, naomba niwape wengine." Vyuma vikaanza kulia tena. Yule dada hakugeuka, na nadhani alisikia kila kitu.

Ukiniuliza namna ya kukaa na mpiga pozi, sitakwambia zaidi ya haya. Mpite nyuma, usimpite mbele akiwa amekaza. Akikuomba umhesabie, mhesabie kwa haki, usimwibie sekunde ili umfurahishe. Wiki za mwisho msamehe hasira, ni njaa inayosema. Lakini kioo usimpe. Njaa yake haikuongezei wewe jicho la kisogoni.

Najua jimu nyingine zimemaliza suala hili kwa kibao ukutani: hakuna kuvua, hakuna pozi, hakuna kupiga kelele. Marekani kuna mtandao mkubwa wa jimu, Planet Fitness, unaofunga king'ora kabisa cha kumwashia anayetupa vyuma na kunguruma, ili wateja wa kawaida wasiogope. Nimelifikiria. Naona ni njia ya mtu asiyetaka kuinuka kitini. Ukiwafukuza wanaojiandaa, jimu inabaki na mashine safi na watu wanaotazama televisheni wakitembea, na mgeni akiuliza zoezi fulani linafanywaje hapati wa kumwonyesha, kwa sababu waliokuwa wakijua walikuwa haohao wavua fulana. Yule mwalimu mstaafu, ni nani aliyemfundisha kunyanyuka kitini bila kuumiza goti? Ni fundi wa mageti. Alimwita "bibi" na alimhesabia polepole kama mimi nilivyomhesabia yeye. Upande wa pili, jimu zinazowaachia mabaunsa kila kitu huishia kuwa za mabaunsa watupu, na mabaunsa watupu hawalipi kodi ya jengo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye jimu, kwa sababu wapiga pozi na wabeba vyuma mara nyingi wanagombana kwa kosa la mchoro wa chumba. Kabla hujaagiza mashine nyingine ya kukimbilia, nunua kioo cha pili. Kiwe kirefu mpaka sakafuni, maana kifupi ndicho kinachowarudisha watu nyuma. Kifungwe mahali pasipofika chuma na pasipotazamwa na mashine za kutembelea, hata kama ni kwenye kikorido cha bafuni. Fundi wa vioo anakimaliza kwa asubuhi moja. Kisha bandika saa za kukitumia, na umwambie msimamizi wako wa jioni kwamba saa hizo zikifika, ni kazi yake kuinuka na kufunga mlango.